Filamu ya Nyeusi na Nyeupe Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wanaouliza maswali haya wamerithi kamera ya mzee nyumbani au wameinunua mtumba, wamepiga mkanda mmoja au miwili, na matokeo hayakuwaridhisha. Miongozo iliyopo imeandikwa zaidi kwa ajili ya nchi za baridi. Namba zake ni sahihi, ila maji yao si maji yetu na jua lao si jua letu. Majibu yafuatayo ni ya mtu anayepiga na kusafisha mikanda yake hapa hapa Dar.

Kwa nini picha zangu zinatoka nyeusi tii na nyeupe pe, katikati hakuna kitu?

Mara nyingi kuna mambo mawili yanayoandamana: mkanda umepata mwanga mdogo, halafu umekaa kwenye dawa kupita kiasi au kwenye dawa ya moto mno.

Ukielewa kinachotokea ndani ya filamu, mengine yote yanafuata. Filamu imepakwa jelatini yenye chembe za chumvi ya fedha. Chembe ikipata mwanga wa kutosha, dawa ya kusafishia, yaani divelopa, inaweza kuigeuza kuwa fedha nyeusi. Isipopata, hata ukaiacha kwenye dawa mpaka kesho haitakupa picha, itakupa ukungu. Kwa hiyo sehemu za vivuli zinaamuliwa pale pale unapobonyeza shata. Sehemu zenye mwanga mkali ni tofauti: zimepata mwanga mwingi, na kila dakika inayoongezeka kwenye dawa inazidi kuzifanya nzito kwenye negativu, yaani filamu iliyosafishwa ambamo weupe na weusi vimegeuzwa, mpaka kwenye picha zinakuwa doa jeupe lisilo na kitu ndani.

Ndiyo maana wapiga picha wa zamani waliachiana kanuni hii: pima mwanga kwa ajili ya vivuli, hesabu dakika za dawa kwa ajili ya weupe. Ferdinand Hurter na Vero Driffield walichapisha mwaka 1890 huko Uingereza vipimo vilivyoonyesha uhusiano kati ya mwanga unaoingia na weusi unaotokea kwenye negativu, na mpaka leo mchoro wa kila filamu unatokana na kazi yao. Sehemu ya chini ya mchoro huo imelala, na vivuli vikiangukia hapo vinashikana vyote na kuwa kitu kimoja.

Kwa jua la Dar, tafsiri yake ni moja: ongeza mwanga kwenye kamera, punguza dakika kwenye tanki la kusafishia. Ukilishika hilo peke yake, mkanda wako ujao utabadilika.

Boksi limeandikwa 400. Kwa nini watu wanaweka 200?

Kuweka mita, yaani kipima mwanga cha kamera, kwenye 200 kwa filamu ya 400 ni njia ya kuipa filamu mwanga mara mbili, yaani stopu moja zaidi. Filamu haijabadilika, wewe ndiye umeiambia mita iwe mkarimu. Vivuli vinapanda kutoka ile sehemu iliyolala na kuanza kuonyesha maelezo: mikunjo ya nguo, nywele, mtu aliyekaa ndani ya duka wakati wewe uko nje juani.

Filamu ya nyeusi na nyeupe inavumilia mwanga wa ziada kuliko wengi wanavyodhani. Ilford HP5 Plus au Kodak Tri-X ikizidishiwa stopu moja au mbili bado inachapika vizuri, chembe tu ndizo zitaonekana kidogo zaidi. Ikipungukiwa stopu mbili, vivuli vimekwenda na havirudi. Fomapan 400 ndiyo usiifikirie mara mbili, iweke 200 au 250 kila siku, maana wengi wanaoitumia wanaona haifiki 400 kwenye dawa za kawaida.

Siku ya mawingu mazito ya masika, acha 400 kama ilivyo. Mwanga wa siku hiyo umeshalainika wenyewe, hauhitaji kupunguzwa makali.

Kamera yangu mita imekufa. Nipimeje?

Tumia kanuni ya f/16. Jua likiwa wazi na kivuli cha mtu kina kingo kali, weka tundu la lenzi kwenye f/16 na kasi ya shata iliyo karibu na namba ya ISO, ile ya kwenye boksi: filamu ya 125 kwa 1/125, filamu ya 400 kwa 1/500. Jua lenye utando wa mawingu, fungua hadi f/11. Mawingu ya kawaida f/8, mawingu mazito f/5.6. Chini ya mwembe au upande wa jengo usio na jua, f/5.6 au hata f/4.

Halafu ongeza stopu moja juu ya hiyo kama mada yako iko kivulini au jua liko nyuma yake. Programu ya simu ya kupimia mwanga nayo inafaa, mradi uielekeze kwenye kitu unachokitaka na si kwenye anga. Anga jeupe la pwani ndilo linaloharibu vipimo vingi hapa mjini. Mita inaona mwangaza mwingi, inafunga, na watu waliosimama mbele ya bahari pale Kivukoni wanageuka vivuli.

Mtu mweusi tii nimpimeje uso usipotee?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ningetamani kila mwenye studio alijue jibu lake.

Mita haijui uso. Inachukua chochote ilichoelekezwa na kukifanya kijivu cha kati, kile kinachorudisha takribani asilimia 18 ya mwanga. Ukimsimamisha mtu mbele ya ukuta mweupe na kupima fremu nzima, mita inaufanya ukuta kuwa kijivu, na uso unazama gizani. Kosa hapo ni la kipimo, halina uhusiano na rangi ya mtu.

Sogea karibu, pima uso peke yake, upande uliopata mwanga. Kwa mtu wa rangi ya maji ya kunde, kipimo hicho kitumie kama kilivyo. Kwa mtu mweusi kama mpingo, funga stopu moja kutoka hapo, ili weusi wake ubaki weusi na usigeuke kijivu cha majivu. Usifunge mbili. Kwa mtu mweupe zaidi, fungua stopu moja.

Halafu angalia mwanga wenyewe. Ngozi nyeusi inapendeza kwa namna inavyorudisha mng'ao: paji la uso, mfupa wa shavu, ncha ya pua, mdomo wa chini. Mng'ao huo ndio unaochora umbo. Kwa hiyo usimfute mtu mafuta usoni mpaka akauke. Mweke karibu na mlango au dirisha kubwa, mwanga utoke ubavuni, na upande wa pili mtundikie shuka jeupe hatua moja kutoka alipo. Shuka hilo linaujaza upande wa kivuli, nawe unaona mstari wa taya na sikio, vitu ambavyo bila shuka vingemezwa.

Jicho ndilo linalokuambia kama umepata. Kwenye negativu nzuri, weupe wa jicho ni mzito kuliko ngozi ya kawaida ya shavu, na ngozi iliyo chini ya jicho bado ina kitu, haijawa plastiki tupu.

Kanzu nyeupe na buibui jeusi kwenye fremu moja, inawezekana?

Inawezekana, ila lazima upime kabla hujatumaini. Hapa zinasaidia ngazi walizozipanga Ansel Adams na Fred Archer huko Los Angeles kati ya 1939 na 1940. Waligawa rangi kuanzia 0, weusi mtupu, hadi 10, weupe wa karatasi. Ngazi ya 5 ni kijivu cha kati, ndicho mita inachokitafuta. Weusi wenye mikunjo inayoonekana unakaa ngazi ya 3. Weupe ambao bado unaonyesha uzi na mshono unakaa ngazi ya 8.

Chukua mfano wa harusi Kariakoo. Bibi amekaa kivulini barazani amevaa buibui, babu amesimama juani amevaa kanzu. Mita iko 200. Buibui linasoma f/8 kwa 1/30. Ukipiga hivyo litatoka kijivu, kwa hiyo unalishusha stopu mbili hadi ngazi ya 3: f/8 kwa 1/125. Sasa pima kanzu: inasoma f/22 kwa 1/500, sawa na f/8 kwa 1/4000. Kutoka 1/125 hadi 1/4000 ni stopu tano. Kanzu imeangukia ngazi ya 10, weupe mtupu, wakati wewe ulitaka ngazi ya 8.

Una ziada ya stopu mbili. Kupunguza muda wa dawa kwa asilimia 20 hadi 30 kunarudisha takribani moja. Ya pili unairudisha kwa kumwambia, "Babu, shikamoo, naomba usogee hapa kivulini karibu na bibi." Akishasogea, wote wawili wako kwenye mwanga mmoja na hesabu yote inakuwa nyepesi. Kabla ya kutafuta ujanja wa dawa, sogeza watu.

Wakiwa wote juani pia haina shida kubwa: buibui na kanzu zikiwa kwenye jua lile lile hupishana takribani stopu tano, na filamu inazibeba bila kutoka jasho.

Saa ngapi nipige?

Kuanzia jua linapotoka hadi saa tatu asubuhi, na kuanzia saa kumi alasiri hadi Magharibi. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita juu ya utosi kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu katikati ya Oktoba. Saa sita na nusu mchana siku hizo macho ya watu yanageuka mashimo. Ukilazimika kupiga saa hiyo, ingia kivulini: vibaraza vya Kariakoo, chini ya miti ya Mnazi Mmoja, ndani ya soko la samaki Feri ambako mwanga unaingia pembeni na kurudishwa na sakafu yenye maji.

Miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, ndiyo mwanga mzuri kuliko yote. Hewa ni kavu zaidi, anga lina rangi, na maji ya bomba nayo yamepoa kidogo.

Filta ya njano au nyekundu ina kazi gani?

Filta inapitisha rangi yake na kuzuia rangi iliyo kinyume, hivyo vitu vya rangi yake vinatoka vyeupe zaidi kwenye picha. Ya njano inatia anga uzito kidogo na inakula stopu moja. Ya chungwa inakula takribani mbili, nyekundu iliyokolea tatu. Piga kanisa la Azania Front na filta nyekundu: anga linakuwa zito, kuta nyeupe zinasimama, na vigae vyekundu vya paa vinang'aa kuliko ulivyozoea kuviona. Lakini minazi itatoka myeusi, na siku ya kaskazi yenye unyevunyevu, anga likiwa jeupe kama maziwa, hakuna filta itakayolifanya bluu. Ningeanza na ya njano na kukaa nayo muda mrefu.

Picha za usiku zinatoka nyeusi hata nikifuata mita.

Filamu inachoka mwanga unapokuwa hafifu. Muda wa shata ukizidi sekunde moja, ongeza muda kuliko mita inavyosema. Kwa HP5 Plus, mita ikisema sekunde 10, ipe karibu 20. Kwa FP4 Plus, karibu 18. Muda huo wa ziada unanenepesha taa kuliko vivuli, kwa hiyo punguza kidogo dakika za dawa.

Maji ya bomba yana joto. Nitasafishaje filamu kwa nyuzi 20?

Huna haja ya kufika 20. Lenga 24 na ukae hapo.

Maji ya Dar miezi ya kaskazi yanatoka bombani yakiwa na nyuzi 27 hadi 30, na ya kwenye simtanki juu ya paa mchana yanazidi. Dawa ya moto inafanya kazi haraka. Muda unapungua kwa takribani asilimia 10 kwa kila nyuzi inayoongezeka juu ya 20, na ukishuka chini ya dakika tano, dawa haiwahi kusambaa sawasawa: unapata mistari angani na kingo nzito. Watu wengi wa hapa wanaolalamika kwamba filamu "imeungua" wamesafisha kwa nyuzi 29 wakitumia muda wa nyuzi 20.

Dawa iliyozimuliwa ndiyo mkombozi wako, kwa sababu mbili. Ya kwanza, inaongeza dakika. HP5 Plus kwenye ID-11, divelopa ya Ilford, isiyozimuliwa ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20, ambazo kwa 24 zinabaki kama tano na robo, hatari. Ikizimuliwa 1+1, yaani sehemu moja ya dawa kwa sehemu moja ya maji, ni dakika 13 kwa nyuzi 20, karibu 9 kwa nyuzi 24. Ikizimuliwa 1+3 ni dakika 20 kwa nyuzi 20, karibu 14 kwa nyuzi 24, na hapo una nafasi ya kupumua. Kama mkanda ulipigwa juani kwa 200, punguza asilimia 20: dakika 7 na kidogo kwa 1+1, au 11 kwa 1+3.

Sababu ya pili ni kwamba maji ya kuzimulia ndiyo yanayopoza. Weka chupa ya maji ya kunywa kwenye friji tangu jana yake. Kuchanganya kwenyewe ni hivi: ukitaka lita moja ya nyuzi 24, na una maji ya nyuzi 28 na ya friji ya nyuzi 6, changanya mililita 820 za kwanza na 180 za pili. Hakikisha kwa kipimajoto, halafu weka chupa zote, divelopa, fiksa (dawa inayoifanya picha isiharibiwe tena na mwanga) na maji ya kuoshea, kwenye beseni moja la maji ya nyuzi 24. Barafu itie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa na kuizungusha ndani ya beseni, usiidondoshe kwenye dawa.

Hatua zote zikae kwenye joto moja, zisipishane zaidi ya nyuzi moja au mbili. Kutoka divelopa ya 24 kwenda kwenye maji ya bomba ya 30 kunaifanya jelatini ivimbe ghafla, na inaweza kukunjamana kama tope lililokauka. Ikitokea, haiponi.

Ukitumia 1+3, usijaze tanki dogo la mililita 300 tu. Humo mna dawa halisi ya mililita 75, ni kidogo mno. Tumia tanki la mikanda miwili, weka mkanda mmoja, jaza mililita 600.

Dawa gani inafaa kwa hali ya hewa yetu?

Kwa rangi za kijivu zilizojaa, D-76 ya Kodak au ID-11 ya Ilford. Ni mapacha, na D-76 iko sokoni tangu miaka ya 1920. Zinakuja zikiwa unga, kwa hiyo zinasafirishwa bila shida. Tatizo ni kwamba ukishazikoroga, joto na hewa vinaziua. Zigawe kwenye chupa ndogo zilizojaa mpaka mdomoni, zikae mahali pa giza na baridi, na ukiona rangi imekuwa kahawia, mwaga.

Kama unasafisha mkanda mmoja kwa miezi miwili, chukua Rodinal. Ilipata hati miliki mwaka 1891, ni maji mazito, na chupa iliyofunguliwa inakaa miaka. Unatumia 1+50 na kumwaga. Chembe zitaonekana zaidi, hasa kwenye filamu ya 400, kwa hiyo mimi ningeitumia na filamu ya 100 au 125.

Ni kweli kahawa inasafisha filamu?

Ni kweli. Wanafunzi wa Scott Williams pale Rochester Institute of Technology nchini Marekani walilifanyia kazi mwaka 1995. Kahawa ya unga wa kuyeyuka, magadi safi ya kufulia yasiyo na maji ndani yake, na vitamini C. Kipimo kinachotumika sana kwa lita moja ni magadi gramu 54, vitamini C gramu 16, kahawa gramu 40, dakika 15 kwa nyuzi 20. Africafé kutoka Bukoba inafaa sana, kwa sababu kahawa ya robusta ina nguvu zaidi kwa kazi hii.

Angalizo moja: soda ya kuokea mandazi siyo hiyo, na magadi ya kupikia maharage yana mchanganyiko usiotabirika. Soda ya kuokea unaweza kuipasha kwenye oveni mpaka igeuke, lakini kama unayo ya kufulia iliyo safi, usijisumbue. Jaribu kwanza na mkanda usio na picha za mtu. Harusi ya watu haisafishwi kwa majaribio.

Nitikise tanki kiasi gani?

Ilford wanashauri kupindua tanki mara nne katika sekunde 10 za kwanza, halafu mara nne mwanzoni mwa kila dakika. Fuata hivyo hivyo kila mara. Kila ukipindua, weupe unapata dawa mpya na kuzidi kuwa mzito, kwa hiyo anayetikisa kama anapiga kayamba anaongeza makali bila kujua. Gongesha tanki mezani kila ukimaliza kupindua ili mapovu yatoke. Lishike kwa kifuniko, si kwa tumbo, maana viganja vyako vina nyuzi 30 na zaidi, na katikati ya mizunguko lirudishe kwenye beseni.

Na baada ya divelopa?

Mwaga, kisha mimina siki nyeupe iliyozimuliwa na maji mara mbili au tatu kwa nusu dakika, au maji matupu mara mbili. Halafu fiksa. Usihesabu dakika za fiksa kwa kukariri. Kata kipande cha mwanzo wa mkanda, kitumbukize kwenye fiksa mwangani, pima muda kinaochukua kuwa wazi, kisha zidisha mara mbili. Muda wa kipande kuwa wazi ukifika mara mbili ya ulivyokuwa fiksa ilipokuwa mpya, fiksa imekwisha.

Kuosha hakuhitaji bomba lifunguliwe nusu saa, jambo ambalo siku ya mgao wa maji huliwezi. Jaza tanki maji ya nyuzi 24, pindua mara 5, mwaga. Jaza tena, mara 10, mwaga. Jaza tena, mara 20, mwaga. Suuza ya mwisho iwe ya maji ya chupa na tone moja la Photo-Flo, dawa inayozuia maji kuacha matone kwenye filamu. Maji ya kisima yenye chumvi yanaacha madoa meupe yasiyofutika kwa kitambaa.

Filamu inakwama kwenye rili. Nifanyeje?

Ni jasho. Mikono ikikaa dakika tano ndani ya mfuko wa giza, hewa ya ndani inakuwa ya mvuke na filamu inanata. Fanya kazi hiyo usiku sana au alfajiri, kaa mbele ya feni mpaka mikono ikauke, osha na kukausha rili, lile gurudumu la kuviringishia filamu, tangu jana yake. Kata ncha za mwanzo wa mkanda ziwe mviringo, maana kona kali ndiyo inayong'ang'ania. Ikikwama, usisukume. Iweke ndani ya tanki, funika, toa mikono, pumzika, rudi. Ndani ya tanki lililofungwa haina haraka.

Nitajuaje kosa lilikuwa la mwanga au la dawa?

Soma namba na maandishi ya pembeni mwa mkanda. Yamechapwa kiwandani kwa mwanga usiobadilika, hivyo hayajali wewe ulipimaje. Yakiwa meusi na makali lakini picha ni nyepesi, ulipunguza mwanga. Yakiwa hafifu, dawa ilikuwa changa, imechoka, au imekaa muda mfupi. Yakiwa yamevimba na picha nazo ni nzito, ulizidisha dawa.

Halafu laza negativu juu ya gazeti, karibu na dirisha. Sehemu nyeusi kuliko zote, kama kanzu ile, zikuruhusu kusoma herufi kupitia kwake kwa shida kidogo. Kama huoni kitu, umepitiliza. Angalia na vivuli: kivuli unachotaka kionekane kiwe na alama fulani, kisiwe wazi kama ukingo wa mkanda.

Andika kila mkanda: filamu, ISO uliyoweka, aina ya mwanga, dawa, joto, dakika. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

Filamu niihifadhi wapi, na uwanja wa ndege je?

Friji, ndani ya kopo lake lililofungwa. Ukiitoa, iache saa moja na nusu au mbili kabla ya kufungua kopo, vinginevyo unyevu wa hewa utaganda juu yake. Usiache kamera ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ukishapiga, safisha mapema, kwa sababu picha ambayo haijasafishwa inafifia kwenye joto.

Uwanja wa ndege, usiweke filamu kwenye begi la kupakiwa kamwe. Itie kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha na uombe ikaguliwe kwa mkono, hasa ikiwa wanatumia mashine mpya za eksirei za CT, ambazo zinaweza kuitia ukungu mara moja tu.

Fiksa iliyotumika niimwage wapi?

Usiimwage kisimani, kwenye mtaro wala kwenye bustani. Ina fedha iliyoyeyuka, ambayo ni sumu kwa viumbe vya majini, na mitaro yetu mingi inaishia baharini. Weka ndoo ya plastiki yenye kifuniko, tia humo sufi ya chuma ile inayoshika kutu, iache siku kadhaa sehemu yenye hewa, mbali na watoto. Chuma kinayeyuka na fedha inabaki chini kama tope jeusi. Tope hilo likusanye kwenye chupa. Divelopa tumia glavu kuishika, na chombo chochote kilichopimia dawa kisirudi jikoni.